Thamani ya Gari Ijulikane Kabla ya Ajali

Mtumishi anayelikatia gari lake kuukuu bima kubwa huamini kwamba likiharibika kabisa atalipwa kiasi kilichoandikwa katika hati. Sivyo. Kwa kawaida kampuni hulipa thamani ya gari siku ya ajali. Na gharama za gereji zikizidi thamani hiyo, gari halitengenezwi. Mwenyewe hupewa fedha, na akitaka kubaki na mabaki, bei yake hukatwa katika fidia.

Kanuni hiyo ni ya haki, kwani bima hufidia hasara, haitajirishi mtu. Linalosikitisha ni gari la Sh. 12,000,000 kupokelewa ada ya kiasi hicho mwaka baada ya mwaka, kisha uzee wake ukagunduliwa siku lilipogongwa! Mthamini alikuwa wapi ada ilipopokewa?

Mwenye gari anapaswa kurekebisha thamani kila anapohuisha bima. Lakini wajibu mkubwa ni wa kampuni, maana ndizo zenye wataalamu. Na asiyeridhika na fidia asiharakishe kutia sahihi karatasi ya kukubali malipo: Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imemwekea Mtanzania Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.