Gari la Kukodi Lisiwe la Misiba na Harusi Tu



Katika familia nyingi tulizotoka sisi waseminari, gari hukodiwa kwa sababu tatu: msiba, harusi na upadrisho. Ndugu wanachanga, Noah inajazwa mafuta, watu wanabanana na safari inaanza. Hakuna anayeuliza kama fedha hiyo ni anasa, maana kila mtu anaujua wajibu wake. Leo tunapendekeza sababu ya nne: familia ya Tanga ikodi gari, walau mara moja, iende na watoto kuuona msitu wa Amani.

Tunajua swali la kwanza litakalokuja: msituni kuna nini? Wengi tumekuzwa tukiambiwa kwamba msitu ni mahali pa nyoka na mizimu, na kwamba kusafiri ili kutazama miti ni mambo ya Wazungu. Jibu letu ni fupi: msituni kuna maji yetu ya kunywa. Mto Zigi unaanzia milima ya Usambara Mashariki, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji husafishwa na kuletwa jijini Tanga. Mama anayekinga ndoo bombani Ngamiani anakinga mvua iliyonyesha milimani, ikashikwa na mizizi na majani yaliyooza, kisha ikaachiliwa kidogo kidogo. Mteremko ukibaki mtupu, mvua hiyo hiyo hushuka kwa siku moja ikiwa tope, na kiangazi kikija mto hunywea.

Wageni waliujua utajiri huu mapema. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilikuta huku ua dogo la rangi ya zambarau, na mbegu zake zikapelekwa Ujerumani. Kwa zaidi ya miaka 100 ua hilo limepamba madirisha ya nyumba za Ulaya. Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha Amani kituo cha utafiti na bustani ya mimea iliyokusanywa kutoka mabara mbalimbali. Mwaka 1997 Serikali yetu ikautangaza msitu huo kuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 8,000. Lakini waulizeni watoto wetu wa Kipaimara ni wangapi wamewahi kufika. Waswahili husema asiyekujua hakuthamini, na sisi tunawadai watoto watunze kitu ambacho hatujawaonyesha.

Swali la pili ni la fedha, nalo ni la haki. Kukodi gari ni gharama, na wapo wazazi ambao ada ya shule tu inawatoa jasho. Ndiyo maana hatusemi kila familia ikodi gari lake. Familia mbili au tatu za jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuchangia gari moja, kama zinavyochangia msibani. Toka Tanga hadi Muheza ni lami, na toka Muheza hadi Amani ni karibu kilomita 35 za kupanda kwa kona nyingi. Masika msiende, nendeni kipindi cha ukavu, na mtafute dereva anayeijua njia hiyo badala ya kijana anayetaka kuonyesha ufundi kwenye kona. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nje.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Msitu wa Amani si pori lisilo na watu. Kuna vijiji, kuna mashamba ya chai, kuna wakulima wa iliki, mdalasini na pilipili manga. Watu hao ndio wanaolipa gharama ya maji yetu. Katika miaka ya 2000 wakulima wa eneo la Derema waliacha mashamba yao ya iliki ili vipande vya msitu viunganishwe. Walilipwa fidia, lakini fidia huja mara moja, wakati shamba la iliki hurudisha fedha kila mavuno. Wengine, kuanzia mwaka 2003, walifuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, na kipato hicho nacho kikakatika.

Katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwetu sisi wa pwani, fundisho hilo lina sura ya mkulima wa mlimani. Tusimpandie kilimani kwenda kumlaumu kwa kukata mti, huku hatujawahi kununua hata kikombe cha iliki yake.

Kwa hiyo namna ya kwenda ni muhimu kuliko kwenda kwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Familia ikipanda na chakula chake chote, maji yake ya chupa na spika yake ya muziki, ikashuka jioni na kuacha taka njiani, mwenyeji hajapona. Chukueni kijana wa kijijini awaongoze. Kuleni chakula cha mama ntilie wa pale. Nunueni viungo mikononi mwa aliyevilima. Watoto wasalimie wazee, wasikie kutoka kwao mti upi ni dawa na kijito kipi kimepungua.

Kanisa huadhimisha Kipindi cha Kazi ya Uumbaji kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4. Parokia zetu hupanda miche siku hizo, na ni jambo jema. Tunaziomba ziongeze moja: kila jumuiya ijiulize kikaoni ni nani ataandika majina, nani atatafuta gari, na ni watoto wangapi watapanda kwenda kuuona Zigi ukiwa bado kijito.