Penye Mzingile, Alama Hushinda Bahati

Wahenga walinena kuwa penye nia pana njia. Usemi huu una ukweli katika mambo mengi, lakini ndani ya mzingile haumfai mtu kitu. Humo njia ipo. Kinachokosekana ni namna ya kuitambua miongoni mwa zile zinazofanana nayo. Maoni yangu ni kwamba ari na bahati hazitoshi kumtoa mtu mzingileni. Kinachomtoa ni alama alizoziacha nyuma yake.

Tuanze na bahati. Chukua mzingile wenye njia panda 10, kila moja ikiwa na vijia 2, kimoja cha kweli na kimoja cha uongo. Anayebahatisha kote bila kurudi nyuma hutarajiwa kufaulu mara 1 tu katika mara 1,024. Je, akiruhusiwa kurudi, lakini asikumbuke alikotoka? Hata katika ujia mmoja ulionyooka, uliozibwa nyuma na wenye hatua 10 tu hadi mlangoni, anayekwenda mbele au nyuma kwa kubahatisha huhitaji wastani wa hatua 100 ili afike. Urefu ukiwa maradufu, huhitaji 400.

Wengi hushauri kwamba mkono mmoja usibanduke ukutani. Ushauri huu hauna shaka iwapo kuta zote zimeungana na ukuta wa nje. Lakini aliyeanzia katikati, akashika ukuta uliojitenga kama kisiwa, atauzunguka hadi achoke, huku akidhani anasonga mbele.

Mbinu isiyo na dosari hiyo ni ya Mfaransa Trémaux, iliyochapishwa na mwanahisabati Édouard Lucas mwaka 1882. Kila upitapo kijia, kitie alama. Kwenye njia panda mpya, shika kijia kisicho na alama. Kijia kipya kikikufikisha njia panda ya zamani, au kikiwa hakipenyi, geuka urudi nacho. Ukisharudi, jaribu kisicho na alama. Kikikosekana, shika chenye alama moja. Chenye alama mbili usikiingie kamwe. Atakayetii hatapita kijia chochote zaidi ya mara 2, na mlango ukiwapo ataufikia.

Mzingile si neno geni kwetu. Euphrase Kezilahabi aliliteua kuwa jina la riwaya yake ya mwaka 1991. Hata hivyo, wengi wetu huingia katika utafiti wa tasnifu bila alama yoyote. Mwanafunzi husoma makala leo, na baada ya miezi miwili huisoma tena kama mpya, kwa kuwa hakuandika alichokipata wala alichokikosa. Mwenzake anayerejea kwenye swali lake la awali huonekana ameshindwa. La hasha! Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kurudi njia panda ukijua ni kijia kipi hakipenyi ni kupiga hatua. Wahadhiri wetu, pamoja na kutuuliza tumefika wapi, wangetufaa zaidi wakituuliza pia tumerudi kutoka wapi.