LUGHA YETU: Kushuhudia na Kutoa Ushahidi

Kitenzi cha Kiingereza "testify" hufasiriwa na wengi kuwa kushuhudia. Tafsiri hiyo si kosa, ila ina mtego. Kushuhudia ni kuona kwa macho, na pia ni kuyasema mahakamani yaliyoonwa. Neno la Kiingereza hubeba hilo la pili.

Mtego huo si mdogo. Katika kesi ya Cyangugu, kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha ilimhukumu luteni aliyeongoza kambi ya jeshi miaka 27 mwaka 2004. Rufani ya 2006 ikaipunguza kuwa 12. Washtakiwa wawili wenzake, waziri na mkuu wa mkoa, waliachiwa huru. Katika kesi nzito kama hiyo, swali hili lina uzito: shahidi aliona, au alisikia tu?

Kinyarwanda kina wepesi wa kuonewa wivu: "gushinja" ni kutoa ushahidi wa kumtia mtu hatiani, "gushinjura" wa kumwondolea. Kiswahili huhitaji maneno zaidi: kutoa ushahidi dhidi ya fulani, au kwa upande wake.

Basi aliyeona aandike "niliona". Aliyeapa akasema mbele ya hakimu, "nilitoa ushahidi". Yanayoandikwa kituo cha polisi huitwa maelezo.