Shoki Lazima Ilale Kidogo

Ukifika steji ya Lurambi hapa Kakamega asubuhi, kabla jua halijakausha umande, utamwona mwanaboda akibana breki ya mbele, akauegemea usukani kwa kifua, kisha akauachilia. Pikipiki ikizama kidogo, anatikisa kichwa. "Imelala," anawaambia wenzake. Saa nne yuko kwa fundi. Saa tano shoki zake za mbele zimeshatiwa vipande viwili vya bomba la maji juu ya springi, pamoja na oili ya injini iliyokwisha kutumika. Anarudi steji, anauegemea usukani tena, nao haubonyei. Anaridhika, na steji nzima inaridhika naye.

Mimi siridhiki. Imani kwamba shoki nzuri ya mbele ni ile isiyobonyea imeota mizizi kutoka Malava hadi Khayega, na ni imani potovu. Nasema hivyo nikiwa mtu niliyeishi nayo miaka mitatu. Fundi mmoja alinitilia bomba, nikamshukuru na kumlipa. Viganja vikawa vinakufa ganzi kila jioni, nikadhani ni uzee. Kisha siku moja ya mvua, kwenye njia ya maramu huko Isukha, gurudumu la mbele lilinitoroka kwenye kona ambayo nilikuwa nimeipita mara mia, nikaanguka na mwanangu aliyekuwa ameketi nyuma. Alichubuka goti tu. Lakini usiku ule sikulala, na kesho yake nilianza kufungua shoki mwenyewe.

Tulitazame hilo neno, kulala. Barabara ina mawe na ina mashimo. Gurudumu likikuta jiwe linapaswa kupanda, likikuta shimo linapaswa kushuka. Haliwezi kushuka kama shoki haina akiba ya kurefuka, na akiba hiyo hupatikana tu ikiwa shoki imebonyea kiasi tangu ulipoketi. Shoki iliyosimama kama mlingoti haina akiba. Ikifika kwenye shimo, gurudumu linaning'inia, pikipiki nzima inaanguka nalo, kisha linagonga ukingo wa pili kwa uzito wote. Breki na usukani hufanya kazi tairi linapogusa ardhi, si vinginevyo. Kwenye maramu iliyojikunja kama bati, shoki iliyokazwa hulirusha gurudumu kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na anayebana breki katikati ya mruko huo amebana hewa.

Watu hudhani kile kipande cha bomba kinaipa springi nguvu. Hakiipi. Kinaibana mapema tu. Tuseme springi yako inahitaji nusu kilo ili ibonyee milimita 1. Ukiweka bomba la milimita 30 juu yake, umeibana kwa kilo 15 kabla hujapanda, na kwa pande zote mbili ni kilo 30. Baada ya hapo kila milimita itahitaji nusu kilo ileile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba springi haitaanza kujongea hadi kilo hizo 30 zishindwe, kwa hiyo pikipiki inakaa juu, inaonekana imara, na mikono yako ndiyo inayopokea kila kokoto.

"Lakini mimi nabeba mizigo," ataniambia mwanaboda, na hapa ndipo ninapotaka anisikilize zaidi. Mzigo unakaa wapi? Gunia la mahindi la kilo 90 hufungwa kwenye keria, na keria iko nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Kama katikati ya gunia iko sentimita 20 nyuma ya ekseli, na magurudumu mawili yameachana kwa sentimita 125, gunia hilo haliongezi chochote mbele. Linaondoa karibu kilo 14. Ni bembea ya watoto: ukiketi upande huu, upande ule unapanda. Nilijaribu nyumbani, ndugu yangu akishika usukani nami nikipakia, na shoki ya mbele ikarefuka machoni petu. Mtu anayekaza shoki za mbele kwa sababu ya gunia la nyuma analikazia gurudumu ambalo tayari limepunguziwa uzito, gurudumu lilelile analolitegemea kukata kona. Kama ni mzigo unaomsumbua, atazame springi za nyuma, au apunguze gunia.

Ziko sababu za haki za kutaka springi ngumu zaidi mbele, nami sizikatai. Ya kwanza ni breki. Ukitoka Kakamega, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ukateremkia Kisumu, ulio karibu mita 1,100, utaupitia mteremko wa Riat ukiwa na abiria mgongoni. Ukibana breki pale, uzito wote unakimbilia mbele, na shoki iliyochoka huzama hadi chuma kikagonga chuma. Mwendeshaji mnene naye, au mwenye pikipiki kubwa ya safari ndefu iliyovishwa vioo na masanduku, huenda kweli springi za kiwandani zikamshinda. Huko Marekani kampuni kama Race Tech humuuzia mteja springi kwa kuuliza kwanza uzito wake na aina ya pikipiki. Mteja anaanzia kwenye mizani. Sisi tumechukua neno "ngumu" na kuiacha mizani.

Ugumu wa springi yenyewe huamuliwaje? Kwa unene wa waya, upana wa mviringo na idadi ya mizunguko. Unene wa waya ndio wenye kauli kubwa kuliko yote, kwa sababu ugumu hufuata kipeo chake cha nne. Waya wa milimita 4 ukibadilishwa kwa waya wa milimita 4.5, mengine yote yakibaki sawa, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 60. Nusu milimita! Hakuna jicho linaloiona tofauti hiyo kaunta inapokuwa na mwanga hafifu na foleni ya wateja. Anayekuchagulia springi kwa kuitazama na kuipima uzito kiganjani anakisia, na kosa lake linaweza kuzidi nusu nzima. Wengine hukata springi wakidhani wanailegeza. Wanaikaza. Springi ya mizunguko 50 ikikatwa 10 inakuwa ngumu zaidi kwa robo, nayo itawahi kubanana chuma kwa chuma kuliko awali.

Oili ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa kuwa wengi huiona kama mafuta ya kulainisha tu. Springi peke yake hurukaruka. Ukiibonyeza na kuiachia itacheza hadi ichoke. Mwaka 1935 BMW ya Ujerumani ilitoa R 12, pikipiki ya kwanza kuuzwa ikiwa na shoki za mbele za mabomba yanayoingiana zenye kutulizwa kwa oili, na mfano huo ndio ulio mbele ya karibu kila boda hapa kwetu. Ndani yake oili husukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, na upinzani wa vitundu hivyo ndio unaoituliza springi. Kadiri gurudumu linavyopanda kwa kasi ndivyo vitundu vinavyokataa zaidi. Ukitia oili nzito ya injini, tuta dogo ulilolipita kwa mwendo linageuka ukuta. Kisha shoki inachelewa kurudi. Kwenye maramu ya bati inapigwa na mgongo wa pili kabla haijamaliza kurefuka kutoka wa kwanza, ikapigwa na wa tatu, ikazidi kufupika, hadi ikakaa chini kabisa. Uliogopa ilale, na oili yako nzito ndiyo iliyoilaza.

Oili iliyotoka kwenye injini ina chembe za chuma pia, nazo hukwangua sili zinazoizuia oili isivuje. Ukiijaza kupita kiasi, hewa iliyobaki juu yake inabanwa mno, sili zinafumuka, na kama breki yako ya mbele ni ya diski, oili inachuruzika hadi pale. Nimeona.

Wakati huohuo mafundi wetu wanatuambia kazi hii haifanyiki nyumbani. Hufanyika. Nimeifanya chini ya mwembe wangu nikiwa na spana, soketi, beseni, rula na kile kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya mtoto. Unaisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, unaweka kreti ya soda chini ya injini hadi gurudumu la mbele liinuke. Unalegeza kwanza boliti inayobana bomba la shoki juu kwenye kichwa cha usukani, halafu kifuniko, ungali hujachomoa chochote. Kifuniko kinashikilia springi iliyobanwa; kikandamize kwa kiganja, kizungushe polepole, na uso uuweke pembeni, maana kikiruka hakichagui jicho. Kimoja kikishatoka ndipo uguse cha pili. Toa gurudumu, chomoa shoki, zipindue juu ya beseni, zipampu hadi zikauke. Pima springi zote mbili kwa rula. Zikitofautiana au zikiwa fupi kuliko kipimo cha kiwanda, zimechoka, na hapo nunua mpya zinazolingana kwa urefu, upana na unene wa waya. Tia oili ya shoki kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu cha pikipiki, na pande zote zipate sawa hadi mililita ya mwisho.

Kisha pima, na hapa ndipo ubishi wote unapoishia. Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye bomba linalong'aa la shoki. Gurudumu likiwa hewani, isukume hadi igusane na sili. Shusha pikipiki taratibu, keti kama unavyoketi kazini, mwenzako akishika usukani, kisha ushuke nayo iinuliwe tena. Kamba itakuwa imesogea. Shoki ikiwa ina mwendo wa sentimita 12, kamba inapaswa kusogea kati ya sentimita 3 na 4, yaani robo hadi theluthi. Ikisogea 1, shoki yako imekazwa mno hata kama steji nzima inaisifu. Ikisogea 6, springi zimechoka au hazikufai, na sasa una haki ya kutafuta ngumu zaidi.

Najua kuna watakaosema pikipiki ya kazi si ya starehe. Waulizeni akina mama. Kaunti ya Kakamega ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwasaidia akina mama wajawazito kwa fedha ili waende kliniki na kujifungulia hospitalini, mpango ambao watu waliuita Oparanyacare. Fedha zile zilimtoa mama nyumbani, lakini kutoka kijijini hadi barabara ya lami alibebwa na boda. Anabebwa na boda hadi leo, mimba ya miezi minane, kilomita kadhaa za maramu. Abiria huyo haoni springi wala haulizwi. Kila pigo ambalo shoki imekataa kulimeza linamfikia yeye, na yeye analipa nauli.

Kwa hiyo mwanaboda, na wewe mwenye pikipiki ya kwenda shambani au safari za Kitale, mkienda kwa fundi wiki hii msimwachie pikipiki na kwenda kunywa chai. Simameni karibu anapofungua kifuniko, muone kinachotoka. Kikitangulia kipande cha bomba ambacho kiwanda hakikukiweka, mwambieni asikirudishe kabla hamjapima kwa kamba.