240Z: usinunue jina, kagua bati

Jamani, hebu tuambiane ukweli. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Sawa, wote tunaipenda. Lakini kumwaga akiba yako yote kwenye mkweche ulioliwa na kutu, eti "ni uwekezaji", ni kujidanganya! Gari hii haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa yake. Injini ya silinda sita fundi ataifufua. Sakafu iliyooza itakufilisi. Nenda na sumaku: isiponasa, hapo ni puti, si bati. Dunga mihimili ya chini kwa bisibisi. Ikizama, ondoka, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Ushindi wa Mehta haumo kwenye kadi ya gari.