Hojaji Haiimbi: Dhidi ya Mbinu za Kunakili katika Mapendekezo ya Utafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Katika idara zetu za fasihi, sehemu ya mbinu za utafiti ndiyo inayoandikwa mwisho katika pendekezo la mwanafunzi wa uzamili, ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote, na ndiyo inayofanana kupita kiasi kutoka pendekezo moja hadi jingine. Mwanafunzi hutuarifu kwamba atafanya utafiti wa maktabani na wa nyanjani. Kwamba atatumia hojaji, mahojiano na utazamaji. Kwamba atateua sampuli ya makusudi. Na kwamba data zake zitachanganuliwa kwa kuongozwa na nadharia aliyoitaja kurasa tatu nyuma. Ukifuta jina la jamii na jina la mahali, pendekezo la Ukambani lageuka la Ugusii au la Taita pasi na sentensi nyingine kuguswa.

Makala haya yanadai kwamba kufanana huko si kasoro ndogo ya uandishi, inayoweza kusamehewa kwa kuwa uhakiki wenyewe utakuja baadaye. Ni kasoro ya kinadharia. Katika fasihi simulizi, namna data inavyopatikana ndiyo inayoamua ni kitu gani hasa tunachokihakiki. Mtafiti aliyekosea katika mbinu hahakiki wimbo vibaya. Anahakiki kitu kingine ambacho si wimbo.

Mfano wa Kasikeu

Tuchukue pendekezo la kutunga, lakini katika mazingira ya kweli. Kasikeu imo katika eneo bunge la Kilome, kaunti ya Makueni, kwenye ukanda wa reli na barabara kuu iendayo Mombasa, jirani na mji wa Sultan Hamud, ambao hadi leo unabeba jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi ilipofanywa wilaya ya pekee mwaka 1992, na tangu 2013 ni kaunti. Lugha ya nyumbani ni Kikamba.

Mwanafunzi wetu anapendekeza kuchunguza taswira ya mwanamke katika nyimbo za mwethya. Mada ni nzuri. Mwethya ni ushirika wa kazi: majirani hukusanyika katika shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Katika miaka ya 1950, utawala wa kikoloni ulipotilia mkazo uhifadhi wa udongo, sehemu kubwa ya matuta ya nchi hii ilichimbwa na vikundi vya mwethya, na wanawake ndio waliokuwa wengi humo. Aina ya tuta lijulikanalo kama "fanya juu" imeingia katika vitabu vya kilimo vya ulimwengu kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu Machakos ya zamani, Makueni ikiwemo, kati ya 1930 na 1990, umeonyesha jinsi ardhi hiyo ilivyookolewa huku idadi ya watu ikiongezeka. Wanauchumi na wataalamu wa mazingira, basi, wamekwisha kuusoma mwethya kwa upande wa jembe. Upande wa wimbo ni wetu. Tunaupeleka nini?

Tunaupeleka hojaji thelathini.

Hojaji inajibu nini?

Mojawapo ya maswali ya hojaji hizo, kama ilivyo ada, litakuwa: "Nyimbo za mwethya zina umuhimu gani katika jamii?" Majibu yanajulikana kabla ya mtafiti kupanda gari. Huburudisha. Huelimisha. Huonya. Huhifadhi utamaduni. Majibu haya hayakuzaliwa Kasikeu. Fasihi simulizi imefundishwa katika shule za sekondari za Kenya tangu miaka ya 1980, na orodha ya "dhima za fasihi simulizi" imekaririwa na vizazi kadhaa vya watahiniwa. Anayejaza hojaji huturudishia kitabu cha kiada tulichomwandikia sisi wenyewe, nasi tunakinukuu katika sura ya nne kama matokeo ya utafiti wa nyanjani. Hii si data. Ni mwangwi.

Isitoshe, hojaji huteua watu wake pasi na mtafiti kutambua. Hujazwa na ajuaye kusoma na kuandika kwa raha, tena katika Kiswahili au Kiingereza. Nyanya mwenye nyimbo hamsini kifuani, ambaye hajapata kushika kalamu, hupitwa. Mjukuu wake aliyehitimu kidato cha nne, asiyejua wimbo hata mmoja mpaka mwisho, ndiye anayekuwa "mtoa habari". Kisha tunaandika kwamba nyimbo hizi zinafifia. Pengine zinafifia. Lakini mbinu iliyotumika isingeweza kuonyesha jambo jingine lolote.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba wimbo wa kazi haukai katika maelezo kuuhusu. Umo katika pigo la jembe, katika kiongozi anayetoa na kundi linalopokea, katika jina linaloingizwa papo kwa papo kwa sababu mwenye jina yuko pale au kwa sababu hayuko. Ikiwa swali la mwanafunzi ni jinsi wanawake wanavyolisema wimboni lile lisiloweza kusemwa kwa maneno makavu mbele ya mume, mkwe au chifu, basi ushahidi wake ni tofauti kati ya wimbo ulioimbwa wakiwapo hao na ule ulioimbwa wasipokuwapo. Hakuna swali la karatasini liwezalo kutoa tofauti hiyo. Linaloweza ni kuhudhuria mara mbili, tatu au nne.

Swali kwanza, mbinu baadaye

Watetezi wa fomula husema kwamba mwanafunzi ni mwanagenzi, na kwamba kumtajia mbinu zote ni kumpa akiba ya silaha. Hoja hii haina mashiko. Tukumbuke Milman Parry, aliyekwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935. Hakwenda kukusanya nyimbo kwa jumla. Alikwenda na swali moja: utungo mrefu kama ule wa Homer ungewezaje kutungwa na mtu asiyeandika? Kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa swali, ilimlazimu kumrekodi manju huyo huyo akiimba utungo huo huo zaidi ya mara moja, na kumhoji kuhusu alikojifunzia. Bila marudio hayo, kitabu cha mwanafunzi wake Albert Lord cha mwaka 1960 kisingekuwa na msingi wa kusimamia. Mbinu ilizaliwa na swali. Kwetu sisi, swali na mbinu hukutana kwa mara ya kwanza siku ya kutetea pendekezo, tena kama wageni.

Zipo pia hoja mbili nyingine zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya mzawa: "Mimi ni wa Kasikeu, nimezikulia nyimbo hizi, sihitaji mpango." Uzawa ni mtaji mkubwa, na anayeudharau hajui kazi hii. Lakini mzawa naye ana mahali pake katika jamii. Ni mwana wa fulani, wa ukoo fulani. Ni mwanamume au mwanamke. Ameoa au hajaoa. Yapo anayoambiwa kwa sababu ni wa nyumbani, na yapo anayofichwa kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wa kiume atakayekaa ukingoni mwa shamba na kinasa sauti huku mama zake wakiimba, atasikia wimbo unaofaa kusikiwa na mwana. Pendekezo lisilosema mtafiti ni nani mbele ya waimbaji halijaanza kusema lolote kuhusu mbinu.

Hoja ya pili ni ya matini: "Mhakiki anahitaji matini tu, mazingira tuwaachie wanaanthropolojia." Kama ni hivyo, kwa nini tusafiri? Gerhard Lindblom wa Sweden alikwisha kuchapisha ngano, vitendawili, methali na nyimbo za Wakamba katika miaka ya 1920 na 1930. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Wakamba mwaka 1966. Mwanafunzi anayetaka matini pekee na aketi maktabani, awasome hawa kwa makini, wala hakuna aibu. Aibu ni kwenda nyanjani kuokota kiduchu kilicho duni kuliko kilichokwisha kuchapishwa, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza: safari yako inaongeza nini juu ya Lindblom na Mbiti?

Mpango ulio mpango

Pendekezo la kweli kuhusu nyimbo za mwethya lingeanza na kalenda. Ukambani, mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa kuliko za Machi hadi Mei. Kuchimba matuta ni kazi ya kiangazi hasa, kabla mbegu haijatiwa ardhini. Lakini mwanafunzi husafiri wakati chuo kinapofunga, si wakati jembe linapofanya kazi. Akifika hukuta shamba limenyamaza, naye huwaomba akina mama wamkalie kwenye viti vya kanisa wamwimbie. Wimbo huo anao ruhusa ya kuurekodi. Hana ruhusa ya kuuita wimbo wa kazi bila kueleza kwamba aliusikia nje ya kazi.

Baada ya kalenda, watu. "Sampuli ya makusudi" ni maneno matupu mpaka kusudi litajwe. Je, mtafiti anawatafuta viongozi wa nyimbo, au waitikiaji pia? Kikundi kimoja kifuatwe kwa miezi, au vikundi vinne kwa siku moja moja? Kwa swali tulilolitaja, kikundi kimoja kinachojulikana kwa ndani kinafaa kuliko kumi vilivyopitiwa mbiombio, na mwanafunzi awe na ujasiri wa kusema hivyo bila kuomba radhi kwa wanatakwimu.

Kisha lugha. Wimbo ni wa Kikamba na tasnifu ni ya Kiswahili. Baina yake pana unukuzi na tafsiri, kazi mbili ambazo mapendekezo mengi hayazitaji kabisa. Kikamba kina irabu saba, nazo ĩ na ũ si pambo la maandishi. Anayezinukuu kama i na u anaharibu ushahidi wake kabla ya kuuchambua. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa yaweza kudai siku kadhaa za unukuzi, na unukuzi huo hauna budi kurudishwa kwa waimbaji wenyewe waurekebishe. Mahojiano yana nafasi yake hapa, baada ya wimbo, juu ya wimbo huo huo: kwa nini uliingiza jina lile? Kwa nini mlicheka? Swali la namna hii hujibiwa na mwenye wimbo, wala halina jibu katika kitabu cha kiada.

Mwisho, haki. Kibali cha utafiti cha tume ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013 ni cha lazima, lakini kibali hicho humruhusu mtafiti mbele ya serikali, si mbele ya mwenye wimbo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijadi, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu binafsi. Ni mapendekezo mangapi yanayoeleza rekodi zitahifadhiwa wapi, nani atazisikiliza, na nakala itakayorudi Kasikeu itarudi lini? Mama aliyemsema mkwewe wimboni, chini ya kivuli cha umoja wa jembe, hakukubali kusemwa kwa jina katika tasnifu. Hili ndilo jambo zito kuliko yote tunayolipuuza. Wimbo wa mwethya humlinda mwimbaji kwa kuwa unapita. Sisi tunaufanya usipite. Anayepanga kuunasa lazima apange pia jinsi ya kumlinda aliyenaswa.

Hitimisho

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba fasihi ya Kiafrika, fasihi simulizi ikiwemo, iwe kitovu cha masomo ya fasihi katika chuo cha Nairobi. Dai hilo lilishinda: mada zikaingia silabasi na mitihani ikatungwa. Lakini ushindi wa mada si ushindi wa taaluma. Fasihi simulizi inayofikiwa kwa hojaji ya kunakili bado inatendewa kama ndugu mdogo, asiyestahili ukali tunaoudai kwa riwaya. Hakuna msimamizi atakayekubali tasnifu kuhusu riwaya ambayo mwanafunzi hakuisoma ila aliwauliza watu thelathini ina umuhimu gani. Kwa nini basi tuikubali kuhusu wimbo?

Lawama hii haimwangukii mwanafunzi. Anayenakili fomula amefundishwa kwamba fomula inapita, na waliomfundisha ni sisi tunaoitia sahihi. Itoshe kila jopo la kutathmini mapendekezo liulize maswali matatu: ni ushahidi gani hasa utakaojibu swali lako, unapatikana lini, wapi na kwa nani, na kwa nini ukuaminie wewe mwenye kuutoa? Asiyeweza kujibu arudishwe akaandike upya, hata kama nadharia yake imepangika vizuri na muda wa usajili unakwisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha Kasikeu kipo shambani, chini ya jua, katika lugha ya wenyewe.