Nani Kawalaza Maneno Yetu?

Wenzangu, nina ugomvi na mhariri mmoja, jina namhifadhia. Nilimpelekea hadithi ya kijana wa kituo cha daladala. Ilipotoka nikaikuta "konda", "deiwaka" na "kijiwe" zimelazwa kwa italiki, kama wagonjwa wodini. Nilipouliza kulikoni, nikajibiwa kwamba hayo ni maneno ya mitaani, lazima msomaji aonyeshwe. Aonyeshwe nini, jamani? Msomaji mwenyewe kashuka kwenye daladala sasa hivi!

Kinachoniuma ni kwamba herufi hizi hazikuzaliwa kwa kazi hiyo ya umbea. Mwaka 1501, kule Venice, Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil, kitabu kizima kwa herufi za mlazo. Aliyezichonga ni Francesco Griffo, akifuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa Italia. Herufi kubwa alizisimamisha wima. Ndogo ndizo zilizoinama, zikabanana, nyingine zikashikana mikono. Kitabu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kutembea nacho. Mwaka uliofuata Dante naye akatoka katika vazi hilo hilo. Biashara ilinoga mpaka wachapaji wa Lyon, Ufaransa, wakaziiga, na mwaka 1503 Aldus akatoa tangazo la kuwaumbua. Herufi iliyogombewa hivyo, leo tumeifanya kidole cha kunyooshea watu!

Halafu tuache uvivu wa kompyuta. Italiki halisi si herufi ya kawaida iliyosukumwa ikaegemea ukuta. Chukua Garamond uitazame vizuri: a ya wima ina kikofia kichwani, ya mlazo imekivua, imebaki na tumbo tu. F ndogo inateremsha mkia chini ya mstari. Vile vijimkia vya ncha za herufi navyo vinalegea, kama kalamu iliyokuwa inakimbilia herufi inayofuata. Fonti isiyo na italiki yake, programu inaipindisha tu, nawe unatamba kwamba umepata.

Sikatai kazi zake. Jina la kitabu, sawa. Maelekezo ya jukwaani katika tamthilia, sawa kabisa. Lakini mawazo ya mhusika kurasa tatu mfululizo, hapana bwana, macho yanachoka. (Dhambi hiyo niliifanya mwenyewe nikiwa kidato cha nne, kwa hiyo naijua.) Mtaniambia mbona Virgil alilazwa mzima. Ndiyo, lakini wasomaji wake waliuzoea mwandiko ule. Sisi tumekua na herufi za wima.

Na nyie mnaoandika Kiswahili mkajiwekea italiki wenyewe kabla hata mhariri hajagusa, mnamwomba nani radhi? Neno likitoka kinywani mwa mhusika, limeshafika nyumbani.

Hadithi yangu nimeichapa upya. Deiwaka wote wamesimama wima. Mlazo nimeuacha mahali pamoja tu, kwenye barua ya mama yake konda, kwa sababu ile aliiandika kwa mkono.